Mgeni Asiye na Kadi



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake.

Wajerumani, ambao reli yao kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, wana sherehe ya kale inayofanywa kabla ya ndoa, aghlabu usiku wa kuamkia harusi. Huiita Polterabend. Watu hufika nyumbani kwa kina bibi harusi na vyombo vya udongo na kauri, wakavivunja kwa kishindo mlangoni; kisha maharusi wawili hushika fagio na kuzoa vigae pamoja. Vioo havivunjwi. Wanaamini kwamba vigae huleta bahati.

Muislamu aishiye ugenini huko, akaalikwa na jirani yake, mipaka yake iko wazi. Pombe hunywewa hapo, na Mtume (S.A.W.) amekataza kukaa kwenye meza inayozungushwa ulevi. Kuvunja chombo kizima ni israfu, na kutafuta kheri katika vigae ni itikadi batili. (Sisi tunaokwenda kuangaliziwa nyota kabla ya kupanga tarehe ya nikaha tusicheke sana.) Anaweza kumpongeza jirani yake mchana, akampa zawadi, akarejea kwake.

Hata hivyo, katika sherehe hiyo limo jambo linalotuumbua. Kwa desturi yake ya asili haina kadi za mwaliko. Habari husambaa tu, na aliyeisikia huja, awe mwenyeji au mgeni.

Je, hali ikoje kwetu Handeni na Korogwe? Siku hizi kabla ya harusi huja kicheni pati, kisha sendofu. Kamati huundwa, kiwango cha mchango hupangwa, kadi hutolewa ya mtu mmoja au ya wawili, na katika kundi la WhatsApp majina ya waliotoa ahadi hurudiwa kila siku mithili ya wadaiwa sugu. Siku yenyewe vijana husimama mlangoni wakikagua kadi. Jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye hakuwa na cha kutoa, huishia kunusa pilau.

Na hii ni miji ya wageni! Mashamba ya mkonge ya Korogwe yalilimwa na manamba waliotoka Unyamwezi, Kigoma, hata Msumbiji na Burundi. Wengi hawakurudi makwao, na wajukuu wao tunasimama nao safu moja msikitini. Leo Handeni anahamishiwa mwalimu au muuguzi asiye na ukoo hapo. Ni nani atakayemkatia kadi huyo?

Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Abu Hurayra (R.A.), amekitaja kuwa chakula kiovu kabisa kile cha walima ambacho huitiwa matajiri na kuachwa mafukara. Basi ikiwa walima, ambayo ni sunna, imeonywa hivyo, itakuwaje sendofu isiyo na asili katika dini? Tena wajibu wa kuitikia mwaliko uliosisitizwa ni wa walima. Asiyechangia sendofu hana dhambi, na asiaibishwe.

Wapo watakaosema kuwa kuchangiana ni katika kusaidiana. Ni kweli. Katika walima ya Bibi Safiyya (R.A.) Mtume (S.A.W.) aliagiza kila mwenye kitu akilete, ikatandikwa ngozi, wakaleta tende, samli na maziwa makavu, na watu wakala. Hadithi haitaji kiwango wala mlinzi wa mlango.

Tunazishauri kamati za misikiti ya wilaya hizi mbili zianze na jambo moja: nikaha ifungwe msikitini siku ya mapumziko, itangazwe kwa kipaza sauti, na walima ipakuliwe uani baada ya swala ya Adhuhuri kwa kila aliyehudhuria, pamoja na msafiri aliyeingia kuswali tu.

Wabillaahi tawfiiq.