Rangi ya Gari Si Pambo

Imekuwa desturi katika miji yetu kuihesabu rangi ya gari kuwa ni urembo tu. Mtu akionekana alfajiri na ndoo ya maji akiliosha gari lake, majirani husema ana mikogo. Sisi tunaona kwamba fikira hiyo ina makosa, na kwamba katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, nchini Rwanda, makosa hayo huwaangukia zaidi wale wasio na uwezo wa kuyalipia.

Rangi ya gari ni ngozi ya chuma. Chini kabisa hupakwa rangi ya kuzuia kutu, juu yake hupakwa rangi tunayoiona kwa macho, na mwisho huja vanishi angavu ambayo kazi yake ni kuzilinda hizo nyingine. Tabaka zote hizo zikijumlishwa, unene wake hauzidi sana sehemu ya kumi ya milimita moja. Kinga nyembamba kiasi hicho ndiyo inayosimama kati ya bati na mvua. Ikitoboka, maji huingia, kutu huanza, na kutu haina subira. Fundi atakwangua, ataziba, atapiga rangi upya. Na fedha ambayo ingelipa karo ya mtoto itabaki gereji.

Yapo mambo matatu yanayoifanya Gisenyi kuwa mahali pagumu kwa gari linalolala nje. La kwanza ni jua. Mji huu uko karibu na ikweta, tena juu ya Ziwa Kivu ambalo uso wake uko kiasi cha mita 1,460 kutoka usawa wa bahari. Watu wengi hudanganyika na ubaridi wa hewa, wakadhani kwamba jua la hapa ni pole kuliko la Mombasa au Dar es Salaam. Sivyo. Kadiri mtu apandavyo juu, ndivyo miale mikali isiyoonekana inavyozidi. Wataalamu husema huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Miale hiyo huikausha vanishi, ikapauka na kupasuka, hasa juu ya paa na boneti.

La pili, nalo ni kubwa zaidi, ni volkeno. Mlima Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, uko upande wa Kongo, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini. Uliripuka tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021. Katika maafa hayo watu walipoteza maisha na makazi, na matetemeko ya mwaka 2021 yalipasua nyumba za Rubavu kama yalivyopasua za Goma. Mbele ya misiba ya namna hiyo, rangi ya gari ni jambo dogo mno, wala hatulilinganishi nayo. Lakini volkeno haidhuru siku ya kuripuka peke yake. Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira hutoa gesi zenye kiberiti hata katika nyakati za utulivu. Gesi hizo zikichanganyika na unyevu wa mawingu, mvua huwa na tindikali. Ni kweli kwamba mara nyingi upepo huzipeleka upande wa magharibi, mbali na Gisenyi. Lakini upepo hauna mkataba na mtu. Wakazi wa eneo hili la volkeno wanajua jinsi mabati ya paa yanavyoliwa upesi na kutu. Kinachokula bati la nyumba hakitaliheshimu bati la gari.

La tatu ni vumbi. Udongo wa pande hizi ni mweusi, uliotokana na mawe ya volkeno. Majivu ya mlima na vumbi la mawe hayo si laini kama unga wa muhogo, ingawa huonekana hivyo. Ukiyatazama kwa hadubini utaona ni vipande vya mawe na vioo, vyenye kingo kali, vigumu kuliko rangi yoyote ya gari.

Basi hapa ndipo lilipo kosa tunalotaka kulikemea. Asubuhi, dereva hutoka na kitambaa kikavu, akalipangusa gari lake mpaka linang'aa. Nia yake ni njema, lakini tendo lake ni sawa na kulisugua gari kwa msasa. Kila mpanguso huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana, na ndani ya mikwaruzo hiyo tindikali ya mvua hupata mahali pa kukaa. Chovya chovya yamaliza buyu la asali. Baada ya miaka michache mwenye gari hulaumu kiwanda kilicholiunda.

Dawa yake ni maji kabla ya kitambaa. Gari limwagiwe maji mengi, kuanzia paa kushuka chini, ili vumbi liondoke lenyewe bila kusuguliwa. Kisha lioshwe kwa sponji laini na sabuni isiyo kali, lisuuzwe, na likaushwe kivulini. Sabuni ya unga ya kufulia nguo haifai, kwa kuwa huondoa nta inayolinda rangi. Mafuta ya taa, ambayo baadhi ya waosha magari huyapaka ili gari ling'ae mbele ya macho ya mwenyewe, ni hadaa: mng'ao hupotea upesi, vumbi hunata juu ya mafuta, na rangi hubaki imedhoofika. Kinyesi cha ndege na utomvu wa miti vilainishwe kwa maji na kuondolewa siku hiyo hiyo, kwani vikipikwa na jua huacha alama ya kudumu. Na kila baada ya miezi miwili au mitatu, gari lipakwe nta. Kopo moja la nta hutosha kwa muda mrefu, na bei yake haifiki hata karibu na gharama ya kupiga rangi mlango mmoja.

Wako wanaotegemea turubai. Turubai ni jema likiwa safi, likifunikwa juu ya gari safi na kavu, na likifungwa barabara. Lakini likitandazwa juu ya vumbi, kisha upepo wa ziwa ukalichezesha usiku kucha, hukwaruza kuliko kitambaa. Na likiwa la plastiki isiyopitisha hewa, hufungia unyevu ndani na kuikaribisha kutu.

Tungependa pia kuwakumbusha vijana wanaopata riziki kwa kuosha magari kwamba Ziwa Kivu si karai. Oili na sabuni zinazotiririka humo hurudi kwa wavuvi na kwa wanaochota maji. Aidha, maji ya ziwa hili yana madini mengi. Yakikauka juani juu ya bodi huacha madoa meupe. Hivyo anayeoshea gari ziwani hulidhuru ziwa, na gari lenyewe halimshukuru.

Mwisho, twageukia mali ya umma. Mwenye gari lake binafsi, akijua ubaya wa vumbi hili, atajirekebisha kwa sababu hasara ni yake. Lakini gari la ofisi, la hospitali au la chama cha ushirika ni rahisi kukosa mwenyewe. Hushinda juani, hunyeshewa usiku, na likichakaa hutakiwa jingine. Sisi tunashauri kwamba kila idara yenye magari ijenge banda la kawaida, lenye nguzo na paa tu bila kuta, na kwamba kazi ya kuyaosha na kuyapaka nta iandikwe katika zamu za madereva kama yanavyoandikwa mafuta na matairi. Hali kadhalika, wanaopanga maegesho ya sokoni na ya mpakani, ambako madereva husubiri abiria na mizigo kutwa nzima, wafikirie kivuli tangu siku ya kuchora ramani.

Hatuwezi kuuamuru mlima uzuie moshi wake, wala jua lipunguze makali. Lililo katika uwezo wetu ni ndoo ya maji, kopo la nta na kivuli. Wahenga walisema kitunze kikutunze. Gari linalomlisha mtu na watoto wake linastahili angalau hayo.