Tukifunga Baraza la Msikiti, Mgeni Alale Wapi?



Ndugu Waislamu, liko jambo linalozungumzwa katika kamati za misikiti yetu, nalo ni kuweka milango ya vyuma na kufuli kwenye baraza za misikiti. Sababu inayotolewa ni moja: baada ya sala ya Isha wanakuja watu wasiojulikana, wanatandika magunia, wanalala hapo mpaka Alfajiri. Wengine wanasema ni wezi, wengine wanasema ni walevi, na wengi wanatumia neno lile ambalo halihitaji ushahidi wowote, yaani wahuni. Tumeona tusilinyamazie jambo hili, kwa kuwa anayefunga baraza anafunga kwa jina la msikiti, na msikiti una Mwenyewe.

Hapa Matema tunawafahamu wanaolala nje. Yuko aliyekuja Jumamosi kununua vyungu vya Wakisi katika soko la Lyulilo, akakosa gari la kurudi Ipinda. Yuko anayesubiri mtumbwi wa kwenda Ikombe, na ziwa limechafuka. Wako vijana wabeba mizigo ya mwaloni, ambao siku isiyokuwa na mzigo hawana hata nauli. Yuko mjane aliyekosana na ndugu wa marehemu mumewe juu ya nyumba. Na wako mabwana na mabibi waliopatwa na maradhi ya akili, ambao jamaa zao wamechoka nao. Bonde hili la Kyela linajua pia mafuriko. Anayekaa kando ya Mto Songwe anafahamu kwamba mto ule huhama mkondo wake, na ukihama huchukua shamba na nyumba pamoja. Mtu wa namna hiyo jana alikuwa na mlango wake na ufunguo wake.

Ajabu ni kwamba neno hili la wahuni hatukulirithi kwa wazee wa bonde hili. Wavulana wa Kinyakyusa, walipofikia umri wa miaka 10 au zaidi kidogo, walitoka katika nyumba za baba zao wakajenga vibanda vyao pamoja na wenzao wa rika moja, wakala kwa mama zao na kulala kwao. Kijana aliyelala nje ya nyumba ya baba yake hakuitwa mhuni. Aliitwa mwanakijiji, na kijiji kilikuwa chao. Kumhesabu asiye na pa kulala kuwa ni mhalifu kumetoka mbali. Uingereza ilitunga sheria ya wazururaji mwaka 1824, na roho ya sheria ile ikasafiri na watawala wake hadi katika Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya mwaka 1945, vifungu vya 176 na 177, ambamo mtu aliweza kushitakiwa kwa kuomba sadaka hadharani au kwa kuonekana tu hana njia ya kujipatia riziki. Mwaka mmoja kabla yake, 1944, ilipitishwa sheria ya kuwaondoa mijini "wenyeji wasiotakiwa". Mkoloni aliandika neno hilo bila haya: wasiotakiwa, katika nchi yao wenyewe.

Baada ya Uhuru tungetaraji mambo yageuke. Lakini mwaka 1983 ilikuja Sheria ya Nguvukazi, na watu wa Dar es Salaam wakakamatwa na kupelekwa vijijini na kwenye mashamba ya mkonge. Nia iliyotajwa ilikuwa ni uzalishaji. Waliopelekwa, wengi walirudi. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1990 watamkumbuka mzee yule ombaomba aliyerudishwa kwao Dodoma mara kwa mara, na kila mara akaonekana tena kwenye kona zake za Dar es Salaam, mpaka habari yake ikageuzwa kuwa mzaha. Sisi hatuoni mzaha ndani yake. Tunaona kwamba serikali ilimgharimia safari nyingi, na hakuna aliyemuuliza huko anakorudishwa anakwenda kula nini.

Majirani zetu wa ng'ambo ya Songwe wamekwishalitazama upya jambo hili. Mwaka 2015 mchuuzi mmoja wa mifuko ya plastiki alikamatwa alfajiri mjini Blantyre akienda soko la Limbe kuuza bidhaa zake, akashitakiwa kwa uzururaji. Januari 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ikasema kifungu kile kinapingana na Katiba. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa nchini, Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji haziafikiani na Mkataba wa Afrika, na kuzitaka nchi wanachama zizipitie, zizirekebishe au zizifute. Uganda ilifuata mwaka 2022. Hata Bunge la Uingereza mwaka huo huo lilipitisha uamuzi wa kuiondoa ile ya 1824. Sasa itakuwa aibu iliyoje, mahakama ziache kumwita maskini mhalifu, halafu kamati ya msikiti iendelee!

Turudi kwenye Sunna, maana huko ndiko tunakodai kurudi. Msikiti wa Mtume (SAW) Madina ulikuwa na sehemu iliyoezekwa iitwayo Suffa, na waliokaa hapo ni Ahlus Suffa: Muhajirina wasio na nyumba, wasio na jamaa, wasio na mali. Abu Huraira (RA), ambaye hapana mwanachuoni asiyetaja jina lake, alikuwa mmoja wao, tena aliyekuwa akishikwa na njaa mpaka akaanguka. Mtume (SAW) hakuwaambia watafute pengine. Aliwagawa kwa maswahaba wakati wa chakula, mwenye chakula cha watu wawili achukue wa tatu. Akiletewa sadaka huwapelekea, akiletewa zawadi hula pamoja nao. Wafasiri wengi wamesema aya ya 273 ya Surat Al-Baqara, inayowasifu mafukara wanaojizuia kuomba, iliwahusu hao.

Watasema ndugu zetu: hao walikuwa maswahaba, hawa ni wezi. Basi na waisome habari aliyoisimulia Bibi Aisha (RA), nayo imo katika Sahihi ya Bukhari. Mwanamke mmoja mweusi, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, alibaki na kabila lililomwacha huru. Siku moja binti wa kabila lile akapoteza mkanda wake mwekundu wa ngozi wenye vito. Mwewe alikuwa ameudhania nyama, akaunyakua. Watu wakamtuhumu mwanamke yule, wakampekua, wakampekua hata utupu wake. Wakiwa bado wamesimama naye, mwewe akapita na kuuangusha mkanda kati yao. Mwanamke yule aliwahama, akaja kwa Mtume (SAW), akasilimu, na makazi yake yakawa hema dogo ndani ya Msikiti. Akija kuzungumza na Bibi Aisha, hakuacha kuikumbuka siku ile ya mkanda.

Tunaomba wajumbe wa kamati waitafakari habari hii kabla ya kumwita fundi wa milango. Aliyetuhumiwa wizi bila ushahidi alipewa nafasi msikitini, tena mwanamke, tena mgeni.

Hatusemi hakuna tatizo. Viatu huibwa, betri za vipaza sauti huibwa, na uchafu wa usiku huwaudhi wanaokuja Alfajiri. Katika fiqhi pia kuna maelezo: Ibn Umar (RA) alilala msikitini alipokuwa kijana asiye na mke, na Imam Shafi'i akaruhusu, Imam Malik alichukia jambo hilo kwa mwenye nyumba yake. Lakini tazama vizuri, karaha ya Malik ni kwa mwenye nyumba. Wala hatusemi kuomba ni kazi. Mtume (SAW) alifundisha kwamba mtu kuchukua kamba akakata kuni na kuziuza ni bora kuliko kuwaomba watu. Wako wanaowatembeza watoto siku ya Ijumaa ili wakusanye sarafu, na sisi tunaotoa zile sarafu mlangoni bila kumtazama mtu usoni tunaiendeleza biashara hiyo. Sarafu ya Ijumaa humwondoa maskini mbele yetu kwa wiki moja, basi.

Kinachotakiwa kipo na kina hukumu yake. Surat At-Tawba, aya ya 60, imetaja mafungu 8 ya wanaostahiki zaka, na la mwisho ni msafiri aliyekatikiwa. Kyela ni nchi ya mpunga. Mpunga uliomea kwa mvua, ukifikia nisabu, una fungu la 10 la kutolewa siku ya mavuno. Ni wangapi kati yetu wanalitoa? Gunia huuzwa, bati hununuliwa, zulia jipya la msikiti hutandikwa, na fungu la 10 husahauliwa ghalani. Laiti lingetolewa na kukusanywa, kila msikiti ungeweza kupanga chumba kimoja cha wageni, kuwalipia kodi ya miezi ya mwanzo wajane na waliofurikiwa, na kumrudisha kwao kijana anayetaka kurudi, kwa nauli na mtu wa kumpokea. Wagonjwa wa akili wapelekwe hospitali ya wilaya wakisindikizwa na mtu wa msikiti, wala wasiachwe getini.

Na asitazamwe dini yake mtu huyo usiku. Katika mwambao huu Waislamu ni wachache, na wengi wa wanaolala barazani huenda si wenzetu katika imani. Wajumbe wa Thaqif walikuwa bado hawajasilimu pale Mtume (SAW) alipowapokea Madina, na mahema yao yalipigwa ndani ya Msikiti wake.

Kamati ambazo zimekwishaweka milango hatuziambii ziing'oe kesho. Tunaziomba jambo moja kwa sasa: ufunguo ukae kwa mtu anayelala karibu na msikiti, na jina lake pamoja na nyumba yake yaandikwe kwa herufi kubwa mlangoni, ili anayefika saa 6 usiku na mvua ya Aprili inanyesha ajue agonge wapi.