Mkono wa Mchuaji Haupimwi kwa Mkemia Mkuu

Wizara ya Afya imeamua kuingiza huduma za tiba asili katika baadhi ya hospitali za rufaa za mikoa, mgonjwa achague mwenyewe aende wapi. Uamuzi huo umepigiwa makofi. Mimi naupinga, wala si kwa kuidharau tiba asili. Naupinga kwa sababu tumefungua mlango kabla ya kuuliza swali la kwanza kabisa: anayeingia humo anapona zaidi kuliko anayeingia mlango wa pili?

Hapa Soweto, Moshi, swali hilo linagusa riziki za watu. Mji huu unaishi kwa migongo ya wapagazi. Kanuni zinataka mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, nao hupimwa getini kabla ya safari. Lakini kilo 20 za kupandisha Kilimanjaro, safari baada ya safari, zinatosha kumuumiza hata kijana mwenye nguvu zake. Akishuka mgongo umemkamata, ana njia mbili. Aende kwa mchuaji mtaani, au apande hospitali ya KCMC kwa wataalamu wa fiziotherapia. Ipi itamrudisha kazini mapema? Hakuna anayeweza kumjibu kwa takwimu za hapa kwetu.

Watetezi wa uamuzi wanasema waganga wako karibu na watu, wanaaminika, na bei zao zinalipika. Ni kweli. Wanasema pia kuna Sheria Namba 23 ya mwaka 2002 na kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili watoa huduma, na kwamba mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mkakati wa tiba asili hadi 2034. Hayo nayo ni kweli. Lakini usajili unatuambia mganga ni nani na anafanyia kazi wapi. Hautuambii wagonjwa wake wanapona.

Dawa ya majani angalau hupelekwa maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kuangaliwa kama ina sumu. Kuchua, kuumika na kufukiza havina chupa ya kupeleka maabara. Mkono wa mchuaji unapimika kwa njia moja tu, nayo ni kulinganisha wagonjwa na wagonjwa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Maumivu ya mgongo hupanda na kushuka. Mtu huenda kutafuta tiba siku yamemzidi, yaani yakiwa kileleni, na mara nyingi baada ya wiki kadhaa yangepungua hata kama angekaa nyumbani. Yeyote atakayekuwa amemshika katika wiki hizo, awe mchuaji au daktari, atapewa sifa. Kwa hiyo ushuhuda wa aliyepona, hata uwe wa kweli kiasi gani, hauwezi kutenganisha kazi ya mkono na kazi ya muda. Njia ni kuwagawa wagonjwa kwa kura, hawa kwa tiba hii na hawa kwa ile, kisha kuwapima wote kwa kipimo kimoja.

Ujerumani walifanya hivyo kwa tiba ya sindano ya Kichina. Walichukua watu 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo na kuwagawa makundi matatu: sindano mahali panapofundishwa na Wachina, sindano za juujuu mahali pasipostahili, na matibabu ya kawaida ya dawa, fiziotherapia na mazoezi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6, 44.2 na 27.4.

Zitazameni tena namba hizo. Bila kundi la kati, sindano zingetangazwa mshindi na ramani yake ya kale ingesifiwa. Kundi la kati lilionyesha kwamba mahali pa kuchoma hapakuwa na uzito mkubwa. Lilionyesha pia kwamba matibabu ya kawaida yalikuwa na upungufu wake. Hakuna kambi iliyotoka bila kujifunza kitu, na bima za nchi hiyo zililipia sindano zikijua zinalipia nini.

Sisi tulipata nafasi yetu mwaka 2021. Vibanda vya nyungu viliwekwa hadi Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Tukaambiwa fulani alijifukiza akapona UVIKO-19, ugonjwa ambao wengi hupona hata bila nyungu! Mwaka mmoja kabla ya hapo, jaribio la RECOVERY la Uingereza lilikuwa limegawa wagonjwa kwa kura, na katika miezi michache likaonyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu, inapunguza vifo vya waliozidiwa. Sisi tulikuwa na mvuke, wagonjwa na wauguzi. Kura tu ndiyo hatukupiga.

Wala mtu asiniambie kwamba majaribio ni ya matajiri. Mwanza, kati ya 1991 na 1994, jamii 12 ziligawanywa kwa kura kupima kama kutibu vizuri magonjwa ya zinaa hupunguza maambukizi ya VVU. Yalipungua kwa takriban asilimia 40, na dunia nzima ikasoma jibu lililotoka vijijini kwetu.

Moshi ina kila kinachohitajika kwa jaribio kama hilo: KCMC na wataalamu wake wa fiziotherapia, taasisi ya utafiti wa kitabibu hapo hapo, wachuaji wenye wateja, na wapagazi wanaorudi kila msimu na wanaoweza kufuatiliwa. Wachuaji wenyewe wakae mezani tangu siku ya kwanza, waseme wanachua vipi na mara ngapi, ili wasije wakaambiwa baadaye kwamba kilichopimwa si kazi yao.

Wizara isiongeze hospitali hata moja kwenye mpango huu kabla jaribio la namna hiyo halijafanyika na matokeo yake kuchapishwa kwa Kiswahili, mpagazi ayasome mwenyewe.