Mtoto Asiyetulia

Katika madarasa mengi ya watoto wadogo yumo mmoja ambaye jina lake huitwa mara nyingi kuliko majina ya wenzake wote. Huinuka pasipo ruhusa, hujibu swali kabla halijakwisha kuulizwa, hupoteza kalamu ya tatu kabla ya juma kwisha, na hesabu aliyoianza vizuri huiacha katikati kwa kuwa ndege ametua dirishani. Watu humwita mtundu, mkaidi, au mtoto aliyeharibiwa na mamaye. Majina hayo ni mepesi kutamka, lakini mara nyingi ni ya uongo, na uongo huo humnyima mtoto elimu yake.

Sisemi kuwa kila mtoto mchezi ana kasoro. Utoto una michezo yake, na ole wa shule isiyojua hivyo. Lakini ipo hali ya upungufu wa makini na wingi wa harakati, ambayo madaktari huifupisha kwa herufi ADHD. Haikuzuliwa jana. Mwaka 1902 daktari George Still aliwahutubia matabibu wenzake mjini London juu ya watoto wenye akili timamu walioshindwa kutulia na kudumu katika jambo moja. Yeye aliihesabu kuwa kasoro ya maadili. Elimu iliyofuata imemsahihisha. Sasa yajulikana kuwa hali hii ni ya ubongo, na kwamba aghalabu hurithiwa. Uchunguzi wa nchi nyingi, ukijumlishwa, waonyesha kuwa yawapata watoto kama watano katika kila mia. Basi hesabu mwenyewe, msomaji: shule ya watoto 600 yaweza kuwa nao thelathini. Walimu wangapi wawajua thelathini hao? Fimbo ndiyo iwajuayo.

Hapo nitaletewa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Naiheshimu methali hiyo, lakini mtoto huyu amekwisha kulia. Alilia Jumatatu, akalia Jumatano, na Ijumaa akainuka tena kitini. Adhabu humfaa awezaye kuchagua kutenda na kutotenda. Asiyeona maandishi ubaoni hatumchapi ili aone. Twamleta mbele, na mzazi wake akijaliwa humnunulia miwani. Kwa nini huyu, ambaye kasoro yake haionekani kwa macho, alipe kwa ngozi yake? Tena kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 chakataza kumpiga mwanafunzi, na avunjaye aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa muda usiozidi miezi sita, au yote mawili. Sheria imeandikwa, na kiboko kingali kabatini katika shule nyingi.

Hoja nzito zaidi ni ya walimu wenzangu: "Darasa lina watoto sitini, huyu mmoja nitampa wakati gani?" Siicheki hoja hiyo, kwani nami nafundisha madarasa kama hayo. Lakini tazama kinachoombwa. Aketishwe mbele, mbali na mlango na dirisha. Hesabu kumi azipewe tano kwanza, kisha tano. Aambiwe jambo moja kwa wakati mmoja, naye alirudie kwa kinywa chake. Atumwe kuleta chaki, akusanye madaftari, afute ubao, ili miguu yake ipate kazi ya halali. Akimaliza, asifiwe papo hapo. Katika haya lipi linalogharimu shilingi? Na wakati tunaosema hatuna tumekwisha kuutumia kwa kumpigia kelele. Dawa zipo pia, nazo ni shauri la daktari; lakini kwa mtoto wa chini ya miaka sita, msaada wa mwalimu na mzazi hutangulia.

Wengine husema huo ni upendeleo. Mbona miwani haiitwi upendeleo?

Nakugeukia wewe usomaye. Pengine wewe ni kiranja, na kila siku waandika orodha ya wapiga kelele. Zitazame orodha za muhula mzima: kama jina moja limo katika zote, jiulize orodha hiyo imemfaa nini mwenye jina, kabla hujaliandika tena. Au pengine una ndugu mdogo wa namna hii, na nyumbani wewe ndiwe usomaye barua za shule. Basi usimwache mama aende peke yake kuomba radhi ofisini. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, bure na ya lazima. Kwa hiyo mama haendi kuomba hisani. Vipo vituo vya serikali vya kupima mahitaji ya watoto katika elimu, vilivyoanza mwaka 1984, na tangu mwaka 1986 ipo Nairobi Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, iitwayo KISE. Mwandikie mama barua kwa mwalimu mkuu. Itaje mambo yaliyoonekana nyumbani na darasani, iombe mtoto apelekwe kupimwa, na iulize ni mwalimu gani atakayeangalia maendeleo yake. Itie tarehe. Iandike mara mbili, na nakala moja iwekwe nyumbani.