Miche ihesabiwe ikiwa hai, si siku ya kugawa

Kila mwaka mvua ikikolea, kuko makampuni yanaleta kamyo za miche ya matunda: avoka, papayi, maembe, mapera. Picha zinapigwa, hesabu inaandikwa mu rapoti. Nyuma ya miezi tatu, mu lupango kunabakia vijiti vikavu. Halafu tunasikia: «Watu wa kité hawajue kutunza miti.» Sisi wa sendika tunakataa neno hilo.

Tuangalie kwanza mche unakufa namna gani. Mzizi unahema, na hewa yake iko mu vitobo vidogo vya udongo. Maji yakijaa mule, oksijeni inapita polepole karibu mara 10.000 kuliko mu hewa. Mtu wa chini ya mgodi hana haja ya kufundishwa jambo hilo: hewa ikikatika, hata mwenye nguvu hafiki mbali. Mche nao unapigana. Unachoma sukari bila oksijeni, na ginsi hiyo inamaliza sukari nyingi kwa nguvu kidogo tu.

Sasa, sukari inatoka wapi? Inatengenezwa mu majani, kwa mwangaza wa jua. Miche mingi inalelewa chini ya wavu mweusi, sasheti zimebanana. Kivuli ni kizuri kwa mche mchanga sana, lakini ukikaa mule muda mrefu unarefuka kutafuta jua, shina linakuwa jembamba, mizizi inabakia michache. Kwa macho unapendeza, kumbe hauna akiba. Ukiletwa Januari, mawingu yamefunga na udongo wa mfinyanzi umejaa maji, ni kama kushusha mtu mwenye njaa mu shimo lisilo na hewa.

Tena miti haifanani. Papayi ikisimama mu maji inaweza kufa ndani ya siku 2 mpaka 4. Avoka ni dhaifu pia, ju ugonjwa wa kuoza mizizi unapenda udongo wenye maji. Embe linavumilia zaidi: shina linavimba na kufungua vitobo juu ya maji ili lipate hewa. Pera nalo linavumilia. Basi, kupatia avoka jamaa yenye lupango kando ya bonde, ni kutupa makuta.

Na makuta hayo si sadaka. Sheria ya madini ya 2002, iliyogeuzwa 2018, inalazimisha kampuni kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji na kité za kandokando. Kazi ambazo kampuni inaahidi zinaandikwa mu cahier des charges. Kwa hiyo tunapashwa kuomba mambo manne. Miche ifike mvua ikianza, mwezi wa 11. Wavu uondolewe polepole wiki nne mbele ya kugawa. Sasheti ziwe na matobo chini. Na hesabu ya mwisho ifanywe nyuma ya miezi 12, kwa miti iliyo hai.

Kwetu nyumbani pia kazi iko. Tupande juu ya tuta la kufika magoti, ao mu udongo wa kichuguu kilichobomolewa, hapana mu shimo linaloshika maji. Mahindi na mihogo visifunike mche. Majani yakilegea wakati udongo ungali na maji, tusiongeze maji: tuchimbe mfereji yatoke.

Wengine watasema sendika ishughulike na mishahara tu. Mishahara tunaendelea kuipigania. Lakini mgodi unaisha siku moja, na wazee wengi hapa Katanga wanajua mshahara unaweza kusimama mbele ya madini kuisha. Avoka tatu zinazozaa mu lupango zinapatia watoto chakula na mama kitu cha kuuza sokoni.

Kila jamaa iandike mu kaye: tarehe ya kupokea mche, aina yake, mahali ulipandwa, uko hai ao umekufa. Mupatie delege wenu kaye hizo. Siku ya mkutano na kampuni, tutaziweka kwa meza kando ya rapoti yao.