Kisu cha munganga nacho kifuate majira ya jembe



Mutaniuliza: agronome anatafuta nini katika mambo ya upasuaji? Jibu liko mu shamba. Mwanaume mwenye ngiri, ile wengine wanaita erni, hawezi tena kuinua mufuko wa mihogo. Anapunguza kulima, kisha shamba lote linabakia kwa bibi na watoto. Mama aliyepata fistula kisha kuzaa kwa shida, mikojo inamutoka bila kujizuia. Haya inamuondoa kwenye mukutano, anaacha AVEC, na siku ya kugawa mbegu hayuko. Kwa sababu magonjwa haya hayauwi kesho, tunayazoea. Lakini hakuna mbolea inayorudisha mikono iliyokosekana.

Mwaka wa 2015, tume ya wataalamu ya gazeti la waganga The Lancet ilihesabu kwamba watu miliari 5 duniani hawafikie upasuaji ulio salama na ambao wanaweza kulipa. Tume hiyo ilitaka mugonjwa afike mahali pa kupasuliwa ndani ya saa 2. Kwetu Kivu, saa 2 za kipoyi hazivuke hata kilima cha pili. Shabunda ndiko usiseme: wengi wanaingia kule kwa ndege ndogo.

Kwa hiyo naunga mukono upasuaji wa kutembea: ekipe inatoka mujini na vifaa vyake, inapasua siku kadhaa kwenye hospitali kubwa ya zoni ya afya, kisha inaenda mahali pengine. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, yenye Munganga Denis Mukwege alianzisha mwaka wa 1999, inajulikana kwa kazi ya namna hiyo kwa wanawake wenye fistula.

Ugomvi wangu ni juu ya kalenda. Tarehe zinapangwa mu biro, kufuatana na pesa za projet. Ekipe ikifika Septemba, mvua nayo imefika, na kila mutu anapanda maharagi na mahindi ya musimu A. Aliyepasuliwa ngiri anapaswa kukaa karibu wiki 4 mpaka 6 bila kubeba uzito. Mukulima gani atakubali? Mwenye hekima anakataa kupasuliwa. Mwenye haraka anakubali, halafu kisha wiki moja ameshika jembe, kidonda kinafunguka, na kijiji chote kinasema kisu cha wazungu hakifai. (Wakati wale waganga ni Wakongomani wenzetu!) Julai ni muzuri zaidi: mavuno ya musimu B yamekwisha, chakula kiko nyumbani, barabara imekauka. Wanaolima musimu C katika mabonde yenye maji, hao tuwapange kando.

Wanasema upasuaji ni wa bure. Bure namna gani? Kuna moto ya kwenda na kurudi, kuna chakula cha mugonjwa na cha anayemulinda, kuna siku za kazi zilizopotea. Hapo ndipo watu wanauzisha mbuzi, ao wanakula mbegu. AVEC nyingi ziko na kasha ya musaada, lakini tunaifungua zaidi siku ya kilio. Mimi naona ifunguliwe mutu akiwa angali muzima. Na wamemba wenzake wamulimie zamu mbili tatu, kama tunavyofanya kwa mufiwa.

Tusidanganyane pia. Ekipe ya kutembea haingojee mama ambaye mutoto amekwama usiku. Ngiri ikikuwa ngumu, ikiuma sana na kukataa kurudi ndani, mugonjwa akitapika, usingoje Julai wala majani ya kuchua: kimbiza mutu hospitalini saa ile ile. Ndiyo maana kila ekipe inayokuja tuiombe ifundishe waganga na infirmie wa pale pale, na iache mutu anayejua kufuatilia vidonda. Ekipe inayopasua arobaini na kuondoka bila kumuachia mutu kazi hiyo, mimi sitaipigia makofi.

Munganga-mkubwa wa zoni anaweza kuomba ekipe, lakini anahitaji hesabu ya wagonjwa. Kamati za kooperative zizunguke vijiji mbele ya mwisho wa Mei, wamama waulize wamama wenzao kwa siri, na orodha imufikie pamoja na kalenda yetu ya kupanda na kuvuna.