Mwili Darasani, Macho Mtandaoni

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Novemba, mabasi yatokayo Mbinga hubeba vijana wetu wanaokwenda kuanza masomo ya juu Iringa, Dodoma, Dar es Salaam na kwingineko. Nyuma ya kila kijana kuna magunia ya kahawa yaliyouzwa Litembo au Maguu, ama dagaa walioanikwa Mbamba Bay na Lituhi, na pengine mkopo wa serikali ulioombewa kwa rozari. Tunauelewa basi uchungu wa mzazi anaposikia kwamba mwanawe huketi nyuma ya ukumbi akichati, akitazama mpira au akipanga mkeka wa kubeti wakati mhadhiri anafundisha. Jawabu la haraka ni kwamba vijana wa siku hizi wameharibika. Tunaliona jawabu hilo kuwa rahisi mno, wala halimfai mzazi wala kijana.

Tutazame kwanza jinsi kijana huyo alivyokutana na simu. Katika shule zetu za sekondari, hasa za bweni, mwanafunzi akikutwa nayo hunyang'anywa na kuadhibiwa. Hatupingi katazo hilo. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilieleza kwamba mwanafunzi aliyeondolewa kwenye somo na simu anaweza kuhitaji hadi dakika 20 kurudisha akili yake pale ilipokuwa. Katika kipindi cha dakika 40, hiyo ni nusu ya somo. Hata hivyo katazo humlinda mtoto kwa muda tu, bila kumfundisha lolote. Kwa miaka sita huijua simu kama kitu cha kufichwa. Mwezi Mei humaliza mtihani wa kidato cha sita, na ifikapo Novemba anayo mkononi mchana na usiku, mbali na mama, mbali na mwalimu wa zamu. Matumizi pekee ya simu darasani aliyowahi kuyaona ni kuificha chini ya dawati, naye huendelea na hayo aliyoyaona.

Kisha kuna somo lenyewe, na hapa wengi hatupendi kuzungumza. Mtoto wa Mbinga huanza na Kimatengo nyumbani, yule wa ziwani na Kinyasa. Shule ya msingi husoma kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza hugeuziwa masomo kuwa ya Kiingereza. Wapo waliojifunza kuketi kimya mbele ya mwalimu wasiyemwelewa, wakinakili ubaoni maneno wasiyoyajua, miaka mingi kabla ya kumiliki simu yoyote. Akili zao zilikuwa zikitoka kupitia dirishani zamani. Simu imelipanua dirisha. Chuoni hukutana na ukumbi wenye mamia ya wanafunzi, mhadhiri asiyewajua kwa majina, na maandishi ya somo ambayo jioni yatatumwa yote kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kama kusikiliza hakuongezi kitu juu ya karatasi zitakazotumwa, kijana atajiuliza anasikiliza nini. (Tuongeze kwa haki: si kila anayetazama simu anazurura. Wengine wanatafuta maana ya neno ambalo mhadhiri amelipita mbio.)

Sehemu nyingine hutoka kwetu. Ujumbe unaoingia saa nne asubuhi mara nyingi umetumwa na nyumbani: bibi anaumwa, mchango wa harusi ya binamu, mdogo wake amerudishwa kwa kukosa sare. Kijana aliye peke yake mjini hawezi kuyaacha hayo hadi jioni, wala tusingependa awe na moyo wa kuyaacha kirahisi. Akishafungua huo ujumbe mmoja, mengine yote yanamngoja hapo hapo.

Nayo hayamngoji kwa bahati. Wakulima wetu wa kahawa wanaijua biashara ya magoma: mwenye shida hupewa fedha kidogo kahawa ingali mtini, na wakati wa mavuno magunia huondoka kwa bei ambayo hakuipanga. Kampuni za mitandao hupata fedha zake kwa matangazo, na kadiri macho yanavyokaa kiooni ndivyo matangazo yanavyouzika. Kijana hupewa vichekesho bila malipo, kisha analipa kwa akili yake mwenyewe, ingali changa. Kampuni za kubeti humtoza mara mbili: muda wake, na fedha za chakula zilizotoka kwenye mkopo.

Kwa nini Kanisa lijishughulishe na hili? Mwaka 1942 mwanafalsafa Mfaransa Simone Weil alimwandikia Padre Joseph-Marie Perrin, Mdominikani, tafakari kuhusu matumizi mema ya masomo ya shule kwa ajili ya upendo wa Mungu. Hoja yake yawashangaza wengi: faida kubwa ya somo la jiometria ni kule kukaza nia, hata kama jibu halikupatikana, kwa sababu nguvu ile ile ya kukaza nia ndiyo itumikayo katika sala, na ndiyo itumikayo kumtazama mtu anayeteseka na kumsikiliza. Tukimfuata, kijana asiyeweza kukaa na fomula moja kwa robo saa atapata shida kukaa mbele ya Ekaristi Takatifu, na kesho, akiwa mganga katika zahanati ya kando ya ziwa, atapata shida kumsikiliza mama mgonjwa hadi mwisho wa maelezo yake.

Vyuoni wapo ndugu wa TMCS wanaoweza kumpokea, na sekondari wapo TYCS. Kilicho mikononi mwa parokia ni miezi ile kati ya Mei na Oktoba. Baadhi ya vijana huitwa JKT kwa sehemu ya muda huo. Wengine tunao, wakivuna kahawa na kuimba kwaya. Tungependa kila jumuiya ndogo ndogo iketi nao saa moja kwa juma, kusoma kwa sauti sura nzima ya Injili na kuijadili, simu zote zikiwa kapuni, za wazazi pia. Kwa tunayoyaona makanisani wakati wa homilia, huenda wazazi ndio watakaoliangalia hilo kapu mara nyingi zaidi.